Kurudia daftari si kujua

Wengi tunaamini daftari likipitiwa mara nyingi, somo limeingia. Sivyo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi: wengine waisome tena, wengine waiandike bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza; baada ya wiki, waliojikumbusha ndio waliokumbuka zaidi.

Vyuoni kwetu Wete, Pemba, watoto wanakosomeshwa Kurani, hili si geni. Mtoto hufunga msahafu, maalim akamsikiliza. Akikwama hukumbushwa neno moja tu, akaendelea mwenyewe. Skuli, ajabu, tunamwachia anakili ubao. Na makazini? Semina, soda, posho, kwaheri. Jumatatu hakuna anayemwambia mwenzake: hebu nieleze, bila karatasi, walisema nini?