Njia ya mgeni mwenye ulemavu, kutoka getini hadi kitandani

Majengo mengi ya hospitali yalichorwa na watu waliodhani kwamba mwenye ulemavu ataingia humo akiwa mgonjwa. Ataletwa kwa machela, atasukumwa na mhudumu, mahitaji yake yataandikwa kwenye faili. Aliyekuja kumjulia hali mama yake tu, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu au na fimbo nyeupe mkononi, hakuwemo kwenye hesabu zao. Nafanya kazi ya utengamao, yaani kuwasaidia watu wenye ulemavu kumudu shughuli zao, na sehemu ya kazi hiyo ni kukagua majengo ya hospitali pamoja na watu wenye ulemavu. Huduma mara nyingi zipo, ila zimepangwa kwa ajili ya aliyelazwa. Viti vya magurudumu vimejaa wodini, getini hakuna hata kimoja. Choo kipana kipo, lakini mlangoni kimeandikwa "wagonjwa tu".

Ndiyo maana ninamshauri kila mtu apige simu kabla hajatoka nyumbani. Ukipiga, usiulize kama hospitali inafaa kwa watu wenye ulemavu, maana utajibiwa ndiyo. Anayepokea simu anajua kuna lifti, na kwake hilo limetosha. Uliza njia. Mgonjwa wangu yuko wodi fulani: gari linishushe mlango upi? Kutoka hapo hadi wodini kuna ngazi, hata kama ni moja? Lifti inafika ghorofa hiyo, au inaishia chini yake? Choo ninachoweza kuingia na kiti kiko upande gani? Swali la lifti lirudie mara mbili bila aibu. Hospitali hukua kwa kuongezewa majengo, na sakafu za jengo jipya hazilingani kila mara na za lile la zamani. Unaweza kuingia kwenye daraja linalounganisha majengo ukiwa ghorofa ya pili, ukatokea upande wa pili ukaambiwa uko ghorofa ya tatu, na lifti ya huko isisimame unapokwenda. Namba ya wodi nayo haikuambii kitu: Wodi 4 inaweza kuwa ghorofa yoyote.

Mapokezi wasipojua, omba uunganishwe na wodi yenyewe, uzungumze na muuguzi wa zamu, kisha umuulize swali ambalo naliamini kuliko yote: mkokoteni wa chakula na wa mashuka unapita wapi? Mizigo ile huenda kila wodi, kila siku, na haipandi ngazi. Panapopita mkokoteni, kiti chako kitapita. Njia hiyo huenda isiwe ya kupendeza, pengine inapita nyuma ya jiko au kando ya chumba cha kufulia, na mlinzi anaweza kukuuliza unatafuta nini huko. Jina la muuguzi uliyezungumza naye litakuvusha hapo, kwa hiyo liandike kabla hujakata simu.

Ukifika, tazama njia ya mteremko kabla hujaipanda. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8, ngazi tatu za namna hiyo, mita 5.4. Ukiona ngazi tatu na kando yake mteremko usiozidi urefu wa mlango uliolazwa chini, huo ulijengwa ili ionekane upo. Usiupande peke yako. Wakati wa kuteremka mteremko mkali, anayekusaidia atangulie yeye, akishuka kinyumenyume, na kiti kimfuate kikiwa kimemgeuzia mgongo. Ukishuka uso mbele huku umeshikwa kwa nyuma, kiti kinaweza kukumwaga.

Milango ya wodi haitakusumbua kwa upana, kwa sababu vitanda hupita hapo. Inayokwamisha ni ya vyumba vidogo, hasa choo cha wageni na ofisi ya malipo. Mlango ukiwa wazi kabisa unapaswa kukuachia nafasi isiyopungua sentimita 80, na ndani kuwe na duara la mita 1.5 ili kiti kigeuke. Kuna pia milango mizito ya kuzuia moto inayojifunga yenyewe. Kwa mwenye magongo hiyo ni taabu tupu: unaisukuma kwa bega, nayo inakurudia kabla mguu wa pili haujavuka. Ngoja anayepita, au mwombe mlinzi. Kuhangaika nayo hakukupi sifa yoyote.

Wanaotembea kwa magongo au mkongojo nawaambia jambo ambalo wengi hawalipendi: ukiwa hospitalini, chukua kiti. Vishoroba ni virefu, mabenchi ni haba, na sakafu hupigwa deki mchana kutwa. Mpira wa chini ya gongo ukilowa huteleza kwenye vigae, na ukiwa umelika hadi mistari yake imefutika, huteleza hata pakavu. Ukague kabla ya kuondoka nyumbani. Ila viti vya hospitali vingi ni vile vya magurudumu madogo nyuma, vya kusukumwa na mtu mwingine. Ukishakaa, huwezi kujiendesha mwenyewe. Jaribu breki zote mbili, hakikisha pa kuwekea miguu pamekamilika pande zote, na umwambie aliyekuleta kwamba kiti hicho utaondoka nacho. La sivyo utamaliza mazungumzo na mgonjwa wako ukute kimekwisha kuchukuliwa.

Suala la usafi wa mikono kwa wanaojisukuma wenyewe hata mabango ya hospitali hayaligusi. Mlangoni kuna kitakasa mikono, unajipaka vizuri kwa sekunde 20 hadi 30 kama inavyoshauriwa, halafu unashika tena ringi za magurudumu yaliyotoka kukanyaga barabara, maegesho na sakafu ya choo. Umefanya kazi bure. Mpangilio unaofaa ni huu: jisukume hadi kando ya kitanda, funga breki, ndipo utakase mikono, na baada ya hapo usiguse magurudumu mpaka unapoondoka. Ikibidi kusogea, futa ringi kwa kitambaa chenye dawa. Wengine huvaa glavu za kusukumia na kuzivua kitandani, nayo ni njia nzuri ilimradi zisiwekwe juu ya shuka la mgonjwa. Mwenye fimbo nyeupe aikunje kwanza, kisha atakase mikono.

Sasa kitanda chenyewe. Usikimbilie kukisogelea. Simama hatua chache mbali uangalie upande upi una stendi ya dripu, mrija wa oksijeni unapita wapi, na mfuko wa mkojo umening'inizwa wapi. Mfuko huo hutundikwa chini, pembeni mwa kitanda, karibu kabisa na usawa wa vikanyagio vya kiti chako, na mrija wake hujikunja kidogo kuelekea sakafuni. Kikanyagio kikiunasa, au gurudumu likiukanyaga unaporudi nyuma, maumivu yake atayapata mgonjwa. Pita upande usio na mirija. Kama pande zote zimejaa, mwite muuguzi apange upya. Ni kazi ya dakika moja. Kiti kiwe sambamba na kitanda, uso wako ukielekea kichwani kwa mgonjwa, ili mtazamane bila mmoja wenu kupinda shingo. Vitanda vingi vya wodini hupanda na kushuka, na wageni wachache hukumbuka kuomba kishushwe.

Kwa asiyeona, hospitali ina sauti na harufu nyingi mno zinazofunikana. Vigae vyenye vinundu vya kuongozea miguu, vilivyobuniwa Japani na Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandazwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, hufika hadi mlangoni kwenye hospitali nyingine, halafu vinaishia mapokezi. Kuanzia hapo unategemea reli ya ukutani, na reli hiyo ndiyo mahali wahudumu wanapopenda kuegesha machela tupu. Omba mtu wa kukuongoza, na umwambie unavyotaka kuongozwa: wewe ndiye unayeshika mkono wake juu kidogo ya kiwiko, mkitembea yeye akiwa nusu hatua mbele. Wahudumu waliozoea kusukuma wagonjwa watakushika mabega wakusukume kwa nyuma. Wakatalie kwa upole. Mkiwa njiani, mwombe akusomee vituo: lifti, kona ya kulia, milango miwili ya kusukuma. Safari ya kurudi huenda ukaifanya peke yako. Kuhusu mbwa waongozaji, nchi nyingi huwaruhusu maeneo ya wazi ya hospitali na kuwazuia vyumba vya upasuaji na vya kutengea wagonjwa, kwa hiyo hilo nalo liwemo kwenye ile simu.

Kiziwi anayesoma midomo hukwama mara tu daktari anapovaa barakoa. Andika kwenye simu yako sentensi moja mapema, uionyeshe: mimi ni kiziwi, tafadhali niandikie au nitazame unapozungumza. Mahali ambapo barakoa ni lazima, ile yenye dirisha angavu husaidia ikiwepo. Kama unatumia kifaa cha kusikilizia, tafuta kwenye dirisha la mapokezi alama ya sikio yenye herufi T. Maana yake kuna waya unaorusha sauti moja kwa moja kwenye kifaa chako ukikiweka kwenye mpangilio wa T, na kelele za ukumbi zinabaki nje. Na pale daktari anapotaka kuzungumza nawe habari nzito za mgonjwa, dai mkalimani wa lugha ya alama. Usikubali mtoto wenu wa miaka kumi ndiye awatafsirie kwamba bibi hatapona.

Wapo ambao ulemavu wao hauonekani, na hao husumbuliwa zaidi na foleni, mwanga mkali na ving'ora vya mashine. Kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, inayoashiria ulemavu usioonekana na iliyoanzia uwanja wa ndege wa Gatwick nchini Uingereza mwaka 2016, sasa inatambuliwa katika hospitali za nchi kadhaa. Isipotambuliwa, omba kuja wakati wodi imetulia, nje ya saa za kawaida. Wauguzi wengi hukubali wakiombwa siku moja kabla. Wakiombwa mlangoni, hukataa.

Kuna sheria moja inayonikera. Wodi inaruhusu wageni wawili kwa kitanda, basi wewe na anayekusukuma mnahesabiwa wawili, na ndugu yako anabaki nje. Msaidizi wako si mgeni wa mgonjwa. Amekuja kwa sababu yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unazungumzia ufikivu wa majengo katika Kifungu cha 9, hospitali zikiwemo, na unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe marekebisho yanayofaa yanafanyika kwa mtu anayeyahitaji. Kutomhesabu msaidizi hakugharimu chochote. Usianze kwa kuutaja mkataba, lakini ujue upo.

Ukimsindikiza mgonjwa kwenye kipimo cha MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, utaishia mlangoni. Sumaku ile hubaki imewaka hata mashine ikiwa haipimi mtu, na kiti cha chuma, gongo la chuma au kifaa kilichopandikizwa sikioni ni hatari mle ndani. Hapo wasikilize wahudumu bila ubishi.

Chooni, tafuta kamba nyekundu ya kuombea msaada. Inapaswa kuning'inia hadi karibu na sakafu, ili aliyeanguka aifikie akiwa chini. Mara nyingi utaikuta imefungwa fundo juu kabisa, kwa kuwa ilikuwa inamsumbua mfagiaji. Ifungue kabla ya kufanya lolote.

Moto ukitokea, lifti za kawaida hazitumiki, na hofu ya wengi ni kwamba wataachwa ghorofani. Hospitali kwa kawaida hazishushi watu wote chini kwa mara moja. Huanza kuwahamishia watu sehemu nyingine ya ghorofa ileile, nyuma ya ile milango mizito niliyoilalamikia hapo juu, kwa sababu wodini kuna wengi wasioweza kutembea. Ukifika wodini muulize muuguzi: kikilia king'ora, niende upande gani? Anayeijua kazi yake atakuonyesha kwa kidole palepale.

Ondoka dakika kumi kabla saa ya kuona wagonjwa haijaisha. Kengele ikilia, lifti hujaa watu wenye miguu yao, na machela ikitokea nayo ina haki ya kutangulia. Na kama kuna kilichokukwamisha, andika siku hiyohiyo ukitaja mlango, ghorofa na saa, ukiambatanisha picha ya mahali penyewe bila wagonjwa kuonekana. Nakala ipeleke kwa kitengo cha matengenezo pamoja na uongozi. Barua inayosema hospitali haijali walemavu hujibiwa kwa pole. Inayosema mlango wa choo cha wageni ghorofa ya chini una upana wa sentimita 68 hutumiwa fundi.