SOS haifupishi maneno yoyote
Kwenye fukwe za Mikindani, Mtwara, kama kwingineko pwani, wapo wanaoamini kwamba SOS, ishara ya kuomba msaada baharini, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "okoeni roho zetu". Sivyo. Ishara hiyo, iliyoingizwa katika kanuni za redio za Ujerumani mwaka 1905 na kukubaliwa kimataifa mjini Berlin mwaka 1906, ilichaguliwa kwa sababu katika alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari), hutoa nukta tatu, vistari vitatu na nukta tatu tena, mfululizo bila kituo, mlio ambao hata sikio lililochoka huutambua. Tafsiri ya roho, ambayo nakiri ni tamu, ilibuniwa baadaye. Nahodha anayeomba msaada kwa sauti redioni hatumii SOS, bali hutamka "Mayday" mara tatu.