Kuandika gemu yako na kuiba gemu ya mwenzio ni mambo mawili

Nimeambiwa tena juzi, safari hii na mtu anayejua kuandika programu vizuri kabisa: "Lakini si ni gemu za wizi hizo?" Alikuwa ameshika Game Boy, konsoli (kifaa cha kuchezea gemu) ya mkononi ya Nintendo, yenye gemu niliyoiandika mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza wa asembli hadi kigae cha mwisho cha picha. Cha mtu mwingine kilichokuwemo ni baiti 48 tu, na nitazifikia.

Swali hili halijibiki kwa sentensi moja, na wanaojaribu kulijibu hivyo kwa kututetea sisi tunaoandika programu za kujitengenezea (homebrew), yaani bila leseni ya mtengenezaji wa kifaa, nao wanapotosha: "Nimenunua kifaa kwa pesa yangu, nafanya nitakalo." Pande zote mbili zinachukua mambo manne na kuyafunga furushi moja. Sheria huyatazama moja moja: nani aliandika programu, alitumia maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) na zana za nani, programu iliingiaje kwenye kifaa, na ndani yake mna kazi gani ya mtu mwingine.

La kwanza ni jepesi. Ukiandika programu, hakimiliki ni yako, hata kama mtengenezaji wa konsoli hajawahi kusikia jina lako. Leseni yake ni mkataba wa biashara: inakupa zana rasmi, ukaguzi, nafasi dukani na haki ya kubandika nembo kwenye boksi. Usipokuwa na mkataba huo, huna mkataba huo, basi. Accolade, kampuni ya gemu, waliifumua (kuichambua kinyumenyume) programu ya gemu za Sega wajue jinsi Genesis, konsoli ya Sega, inavyozungumza na katriji, kile kisanduku cha gemu kinachochomekwa, kisha wakaandika gemu zao. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa 9 nchini Marekani ikasema kwamba kunakili katika kufumua, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuyafikia mambo yasiyolindwa na hakimiliki, ni matumizi halali. Mwaka 2000 mahakama hiyohiyo ikasimama palepale katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, waliotengeneza emuleta ya PlayStation, yaani programu inayoigiza konsoli kwenye kompyuta.

Sasa zile baiti 48. Game Boy ya 1989 ikiwashwa, kabla haijagusa msimbo wako, inaendesha programu ndogo ya baiti 256 iliyomo ndani ya chipu. Programu hiyo inasoma katriji kuanzia anwani 0x0104 hadi 0x0133 na kukichora ilichokikuta. Ndiyo ile nembo ya Nintendo inayoteremka kutoka juu ya skrini. Kisha inailinganisha na nakala iliyonayo yenyewe. Baiti moja ikitofautiana, kifaa kinaganda hapohapo. Halafu inajumlisha kichwa cha katriji, yaani baiti za maelezo ya gemu, na kulinganisha jibu na baiti iliyoko 0x014D. Hesabu isipolingana, kinaganda vilevile. Game Boy Color huangalia nusu ya juu tu ya nembo, baiti 24. Ukitumia RGBDS, zana huria za kuandikia gemu za Game Boy, amri ya rgbfix -v inakuandikia vyote viwili, nembo na hesabu hiyo, ndiyo maana wengi wanaoandika gemu za Game Boy leo hawajui hata kama vipo. Ukiisahau amri hiyo, utabaki unaitazama skrini tupu iliyoganda huku msimbo wako hauna kosa lolote.

Kwa usalama, ukaguzi huu hauna maana: yeyote anaweza kuzinakili baiti hizo. Nguvu yake iko mahakamani. Ili gemu yako iwake lazima ubebe nembo iliyosajiliwa kuwa alama ya biashara, na ukishaibeba, unaweza kushtakiwa kwa kuitumia bila ruhusa. Sega walitega mtego wa namna hiyo. Genesis zilizokuja baadaye zilitafuta herufi S, E, G, A kwenye katriji, na zikizikuta zinaandika kwenye skrini kwamba gemu imetengenezwa na Sega au kwa leseni yake. Katika kesi ileile ya Accolade, mahakama iliona kwamba aliyejenga kizuizi kinacholazimisha tangazo hilo la uongo ni Sega mwenyewe, hivyo mnunuzi akichanganyikiwa, lawama si ya Accolade.

Je, hukumu hiyo inazifunika baiti 48 za Nintendo? Naamini inazifunika, maana hoja ni ileile: bila baiti hizo mashine haiwaki, kwa hiyo zinafanya kazi ya ufunguo. Lakini nembo ni mchoro, si herufi nne, na uamuzi wa mahakama ya rufaa ya eneo moja la Marekani haufungi nchi nyingine. Mwanasheria atakayekuambia jambo hili limekwisha kila mahali anakuuzia uhakika asiokuwa nao.

Tuje kwenye mlango, yaani namna programu inavyoingia kwenye kifaa. Hapa ndipo ninapokereka zaidi. Chukua PSP, konsoli ya mkononi ya Sony. Zile za kwanza zilizotoka Japani Desemba 2004, zenye programu dhibiti (programu ya msingi ya kifaa) toleo la 1.00, ziliendesha programu isiyo na saini ya kidijitali ya Sony moja kwa moja kutoka Memory Stick, kadi yake ya kumbukumbu. Unaweka faili la programu, EBOOT.PBP, kwenye folda yake, unaichagua, inawaka. Hukuvunja kitu. Sony wakafunga, ukapatikana mwanya kwenye 1.50, wakafunga, kwenye 2.00 ukapatikana mwanya kupitia picha ya TIFF. Mwaka 2007 ikaja betri ya Pandora: unabadilisha namba ya utambulisho ndani ya betri, PSP inaamini iko mikononi mwa fundi wa kiwandani, inawaka kutoka kadi ya kumbukumbu. Mtu aliyeandika programu ya saa ya ukutani au ya kinasa sauti mwaka 2005 aliandika programu ileile kwa matoleo yote hayo. Kilichotofautiana ni kufuli ambalo mtumiaji alilazimika kulipita. Kwa hiyo anayesema "programu za kujitengenezea ni haramu" hajui anazungumzia programu au kufuli.

Kufuli lina sheria yake. Marekani ni kifungu cha 1201 cha DMCA, sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998, kinachokataza kukwepa kinga inayodhibiti ufikiaji wa kazi yenye hakimiliki. Swali ambalo watu hawaulizi ni: kazi ipi? Si gemu yangu, maana sijamzuia mtu kuifikia. Kazi inayotajwa ni programu dhibiti ya kifaa, pamoja na gemu za wengine zinazolindwa na kufuli hilohilo. Ndiyo maana unaweza kuwa huna hata gemu moja ya wizi na bado ukawa na tatizo la kifungu cha 1201. Na ndiyo maana "kifaa ni changu" si utetezi unaojitosheleza: plastiki na chipu ni vyako, programu dhibiti umepewa kwa leseni.

Kila baada ya miaka mitatu serikali ya Marekani hupitia maombi ya misamaha. Mwaka 2010 simu zilisamehewa: ukiifungua simu yako ili uendeshe programu uliyoipata kihalali, huvunji kifungu hicho. Mwaka 2015 zikafuata tableti. Konsoli za gemu ziliombewa mwaka 2012, zikakataliwa kwa hoja kwamba kufungua konsoli kunakwenda pamoja na uharamia. Msamaha wa tableti unadai kifaa kiwe kimeundwa kuendesha programu za kila aina, na hapo konsoli ya mkononi inaachwa nje. Sasa tazama: chipu ya Tegra X1 iko ndani ya Pixel C, ambayo ni tableti, na iko ndani ya Nintendo Switch. Mwaka 2018 ilitangazwa hitilafu ya USB katika ROM ya kuwashia (programu ya kwanza kuendeshwa, isiyobadilishika) ya chipu hiyo, iliyopewa jina la Fusée Gelée. Hitilafu yenyewe ni bafa (eneo la muda la kumbukumbu) inayofurika kwa sababu urefu wa data unaoombwa na kompyuta hauhakikiwi. Haizibiki kwa sasisho, kwa kuwa imo ndani ya silikoni. Nintendo walilazimika kutoa Switch zenye chipu iliyorekebishwa. Chipu ile, kosa lile, kitendo kile: kwenye tableti umesamehewa, kwenye Switch hukusamehewa. Mimi nauona mpaka huo kuwa umechorwa kwa woga, na nitausema hivyo popote.

Tena msamaha wenyewe ni wa kitendo, si wa chombo. Unaweza kuruhusiwa kufungua simu yako huku kumgawia mwenzio kifaa cha kuifungulia kukibaki chini ya katazo jingine. Watu huuruka mstari huu kila mara. Upo pia kifungu kidogo cha 1201(f), kinachoruhusu kukwepa kinga ili kuifanya programu uliyoiandika kwa kujitegemea ielewane na programu nyingine. Ukikisoma unahisi kimeandikwa kwa ajili yetu. Lakini kinasema juu ya kutambua na kuchambua, na iwapo kinamfikia mtumiaji wa kawaida aliyefuata maelekezo akafungua konsoli yake ya Nintendo 3DS, hilo linabishaniwa. Kesi ambazo zingetoa jibu huishia kwenye mapatano. Waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali mwaka 2024 kuilipa Nintendo dola milioni 2.4, na hoja za kisheria zikabaki bila hukumu.

Ulaya sura ni nyingine. Mwaka 2014, katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box iliyohusu DS na Wii, konsoli za Nintendo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kinga ya konsoli inaweza kulindwa kisheria, lakini iwe na uwiano: mahakama ya nchi ichunguze kama zipo njia zisizozuia matumizi halali kupita kiasi, na itazame vifaa vya kukwepea vinatumika hasa kwa kazi gani. Programu zilizojadiliwa pale zilikuwa hizihizi zetu. Oktoba 2024 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Sony dhidi ya Datel iliyohusu PSP, ikaamua kwamba programu inayobadilisha thamani za vigeu kwenye kumbukumbu wakati gemu ikiendeshwa, bila kugusa msimbo, haivunji ulinzi wa agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu programu za kompyuta. Uingereza mwaka 2010, katika kesi ya Nintendo dhidi ya Playables, hoja kwamba kadi za kunakilia gemu za DS huweza pia kuendesha programu halali haikuwaokoa wauzaji. Australia mwaka 2005 Mahakama Kuu ilisema chipu ya kupita kinga ya PlayStation haikuwa kifaa cha kukwepea kwa maana ya sheria ya wakati ule, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Baada ya hayo, mtu ananiuliza "ni halali au si halali?" bila kunitajia nchi.

Kuhusu maktaba nitasema kifupi, ingawa hili hunikosesha usingizi kuliko kufuli. Xbox ya kwanza si ya mkononi, lakini ndiyo mfano bora: programu zake nyingi za kujitengenezea zilikompailiwa (msimbo kugeuzwa kuwa faili la kuendeshwa) kwa zana rasmi za Microsoft ambazo waandishi hawakuwa na leseni nazo. Ndiyo maana waandishi wa XBMC, programu ya kuchezea video na muziki, walitoa msimbo chanzo peke yake. Msimbo ulikuwa wao, faili lililokompailiwa lilikuwa na vipande visivyo vyao. Kwa DS, 3DS na Switch tuna devkitPro, kwa Vita ya Sony tuna VitaSDK, zana na maktaba zilizoandikwa bila zana rasmi. Je, kila mstari ni safi? Aprili 2025 waliotengeneza Homebrew Channel, programu ya kuwashia programu za kujitengenezea kwenye Wii, walifunga hazina yao ya msimbo, wakidai kwamba libogc, msingi wa programu nyingi za Wii, ilichukua msimbo wa RTEMS, mfumo endeshi huria, bila kutaja chanzo. Anayejenga juu ya maktaba ya mwingine anarithi historia yake, na sisi kwa kawaida hatuikagui.

Hao wanaotutetea vibaya nao wasikie. Hakuna sheria inayokuruhusu kukaa na gemu uliyoipakua kwa saa 24 kisha uifute. Ni uzushi uliorudiwa hadi ukaaminika. Kuwa na katriji kabatini hakuhalalishi faili ulilolitoa kwa mtu mwingine. Na kundi linalouza vifaa vya kufungulia vilivyoundwa kuendesha gemu zilizonakiliwa haliwi letu kwa kuandika jina letu kwenye tangazo. Kiongozi mmoja wa Team Xecuter, kundi la namna hiyo, alihukumiwa Marekani mwaka 2022 kifungo cha miezi 40, na waliolia kwamba "wanatufunga kwa kuandika programu" hawakusoma mashtaka. Kwa upande mwingine, mtengenezaji akikifungia kifaa chako kisiingie kwenye huduma zake za mtandaoni, hujahukumiwa jinai yoyote. Amesitisha mkataba.

Na lipo moja ambalo pande zote husahau. Faili la .gb au .nds (gemu ya Game Boy au ya DS) ninalolitoa halivunji kufuli la mtu. Anayelipakua ndiye anayechagua mlango: emuleta, katriji ya kuandikika, au konsoli aliyoifungua. Kwa hiyo ukiniletea kazi yako tuitoe, sitaanza na habari za kufuli. Nitakuuliza sauti za milipuko umezitoa wapi, na fonti, na muziki. Halafu nitafungua historia yote ya hazina yako, si toleo la mwisho tu, kuangalia kama kuna siku uliingiza funguo za kifaa au kipande cha zana rasmi kisha ukakifuta. Kikiwamo, tunaisafisha historia hiyo kwanza, ndipo tunakompaili.