Hakuna mashine inayoona usonji

Wiki iliyopita alinijia baba mmoja kutoka upande wa Busia, kwapani amebana bahasha ya kaki kubwa kuliko meza yangu. (Mambo madogo nimeyabadilisha wasitambulike.) Ndani mlikuwa na picha za CT za kichwa cha mwanawe wa miaka 3 na nusu. Salamu hazijaisha, kashazitoa na kuzinyanyua dirishani: "Musawo (yaani daktari, kwa Luganda), wametuambia kichwa ni kizima. Sasa huo usonji uko wapi?" Usonji ni autism, ile hali inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na anavyocheza.

Tukakodoa macho watu wazima watatu, utadhani tunatafuta mwezi mwandamo. Chini ya meza mtoto mwenyewe alikuwa amepanga vizibo vya soda kwenye mstari, meno yote yakitazama juu. Mama alikisukuma kimoja kwa kiatu bila kujua. Mtoto akakirudisha palepale, hakumtazama mtu, hakulia, akaendelea.

Picha niliyoihitaji ilikuwa hiyo. Ile ya kwenye bahasha ilikuwa imekula mbuzi wawili.

Mimi ni mtaalamu wa usemi na lugha hapa Kampala, na swali la huyu baba nimelijibu mara nyingi mno. Hakuna picha ya CT wala MRI, hakuna kipimo cha damu wala mkojo kinachoonyesha usonji. Msinijie na hoja kwamba Uganda ndiyo haina mashine. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner, alipoandika kule Marekani mwaka 1943 kuhusu watoto 11, alitegemea kuwatazama na kuwasikiliza wazazi wao, na hadi leo utambuzi unafanyika hivyohivyo, popote pale: mtoto anawasiliana vipi, anacheza vipi, anarudiarudia nini, na mambo hayo yalianza lini. Watoto wengi wenye usonji picha zao za kichwa ni safi kabisa. Zikiwa safi, hatujajua lolote kuhusu usonji.

Mengine niyapitie mbio. Chanjo kuleta usonji: hapana. Ile makala ya 1998 iliyozua balaa ilihusu watoto 12, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Kukata utando wa chini ya ulimi ili mtoto aseme: ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kukuonyesha ndege kwa kidole. "Wavulana huchelewa": kidogo, siyo hivi. Na lugha nyingi nyumbani, ewe daktari unayewaambia akina mama waache Kiswahili na Luganda wabaki na Kiingereza, hebu acha. Mama mwenye Kiingereza cha kuombea chenji ukimnyang'anya lugha yake, ananyamaza. Mtoto ambaye tayari hazungumzi anabaki na mama asiyezungumza pia. Mimi nimekulia kambi ya polisi, ambako mtoto wa miaka 4 alikuwa na lugha tatu na matusi ya lugha ya nne.

Sasa masikio. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo damu inaponichemka.

Mtoto asiyeitika jina lake lazima apimwe usikivu kabla hatujaenda mbali. Kila mzazi hunijibu: "Aa, huyu anasikia, akisikia tangazo la TV anatoka mbio." Au wanampigia makofi nyuma ya kichwa, akigeuka basi. Makofi yana upepo na yana kivuli. Isitoshe, kusikia si taa ya kuwaka au kuzima. Kuna mtoto anayesikia ngoma, mlango na boda boda, kwa sababu ni sauti nzito, lakini hapati sauti nyembamba kama s, f na th. Kwake "samaki" inafika kama "amaki", na minong'ono yote ya dunia imepotea. Kwa macho ya jirani, huyo anasikia. Kuna pia majimaji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua: mwezi huu yapo, mwezi ujao yamekauka, na mtoto anaonekana mkaidi wa msimu.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Kuna kile cha kutia kijidude sikioni kwa dakika chache, mtoto akiwa ametulia. Kuna kingine cha kubandika waya kichwani na kusoma jinsi mshipa wa sikio unavyojibu sauti, ambacho kwa mtoto mdogo hufanyika akiwa amelala. Hakihitaji aitike wala ashirikiane, na ndiyo faida yake kwa watoto wetu.

Najua ninachosema kwa sababu nimekosea. Miaka yangu ya mwanzo nilikaa na binti mmoja miezi minne, nikimfundisha kuomba kwa picha na kujisifu kwa kila hatua, huku nimeshaandika "usonji" kwenye faili lake. Kipimo cha masikio tulikiahirisha kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na uhakika. Alikuwa amepoteza usikivu mwingi, pengine tangu ile homa ya uti wa mgongo ambayo mama alinitajia siku ya kwanza nami nikaiandika pembeni. Msifikirie pia kwamba ukipata moja umeliondoa lingine. Wapo watoto viziwi wenye usonji.

Kinachofuata kwa kunikera ni kipimo cha umeme wa ubongo. Kinajibu maswali ya kifafa. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, kwa hiyo mtoto akiwa na degedege au vipindi vya kuzubaa visivyokatika hata ukimgusa, apimwe, tena haraka. Vilevile yule aliyezungumza vizuri hadi miaka 4 au 5 kisha maneno yakayeyuka: huyo apimwe akiwa usingizini, maana kuna aina ya kifafa inayoiba lugha bila mtoto kuanguka. Lakini kumpima kila mtoto asiyesema, kukuta vijimstari viwili vimeruka, kisha kumwandikia dawa za kifafa mtoto ambaye hajawahi kupata kifafa? Nawaona kila mwezi. Wanakuja wamelegea, na maneno hayajaja. Mwulize daktari, kwa heshima: "Dokta, kipimo hiki kikirudi kibaya utabadilisha nini? Kikirudi kizuri je?" Mwenye jibu atakujibu bila kukasirika.

Na nenda ukiwa na kitu mkononi. Sisi tuliozoea hospitali za serikali tunajua daftari la shule ndilo faili. Basi liwe moja tu. Wa masikio aandike humo, wa mishipa ya fahamu humo, mimi humo. Naona wazazi wenye daftari tatu, kila daktari na lake, kana kwamba ni wake wenza wasiotakiwa kukutana. Ongeza video za simu za dakika moja moja: akila, akicheza peke yake, akiwa na watoto wengine, na mtu akimwita jina kutoka nyuma. Msimfundishe kwanza. Ile ya sikukuu ya kuzaliwa, kavaa suti na kila mtu anapiga kelele, hainisaidii. Kama kabla ya mabadiliko alipata malaria kali, sema, hata kama hujaulizwa.

Mkitumwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, nendeni. Najua jina linatisha, na shangazi atauliza tangu lini ukoo una kichaa. Kule kuna kliniki ya watoto, na daktari wa akili za watoto ni mmoja wa watu wachache wenye muda wa kusikiliza habari ya mtoto tangu mimba.

Tusichopenda kukiri mbele ya wazazi ni kwamba hata maswali yetu ya kuchunguzia usonji yana kasoro. Mengi yalitungwa ng'ambo. Yanauliza kama mtoto anakutazama machoni, nami nina familia ambazo humfundisha mtoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Yanauliza kuhusu mwanasesere kwa mtoto anayechezea jiko la udongo. Makerere, Dr. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliyachukua maswali 10 ya kuchunguza ulemavu wa watoto wakayafanya 23 ili usonji usipenye, na ni hatua kubwa, ila kuchunguza bado si kutambua. Kwa mtoto chini ya miaka 2 mkono wangu huwa mzito kuandika lile neno. Wakati mwingine nimesubiri mno.

Kwa kijana wa vizibo bado sijaliandika, ingawa nadhani nalijua. Jumatano ijayo ana miadi ya masikio, kile kipimo cha usingizini, hivyo wazazi nimewaagiza wasimwache alale usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Hiyo umetupa kazi rahisi, musawo," mama akasema. "Huyu kulala hajui. Tatizo litakuwa hiyo Jumatano."