Moshi wa mji wa pwani: kusi, kaskazi na tanga mbili

Wengi wetu Unguja tunaamini kwamba mji wa kisiwani hauwezi kuwa na hewa chafu, kwa kuwa upepo unachukua moshi wote. Kuchukua unachukua, ila si kila saa wala si kila msimu, na mara nyingine huurudisha. Wataalamu wakitaja mpangilio wa uchafuzi wa hewa katika miji ya pwani, wanakusudia hilo hasa: moshi ule ule, wa majiko yale yale na gari zile zile, huwafikia watu tofauti kutegemea upepo unatokea wapi.

Kinachopimwa zaidi ni chembe laini zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, nyembamba mara 20 na zaidi kuliko unywele. Hazizuiliki puani, zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, badala ya 10 za mwaka 2005. Kwetu chembe hizo hutoka kwenye mkaa na kuni, daladala kongwe, matanuri ya chokaa, taka zinazochomwa uani, na jenereta. Unguja ilipokosa umeme kutoka bara, Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta zilinguruma milangoni mwa maduka, na moshi wake ukatoka usawa wa pua za wapita njia.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, ya baharini ikaingia kushika nafasi yake. Usiku ardhi hupoa, na upepo mwepesi, ule mabaharia wanaouita umande, hutoka nchi kavu kwenda baharini. Basi moshi wa jioni husukumwa juu ya maji, na upepo wa bahari ukianza tena asubuhi, kiasi cha saa nne, sehemu yake hurudi mjini. Los Angeles na Mumbai wanaujua vizuri mzunguko huu. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi, maana hewa ya chini imepoa na ile yenye joto imeifunika kama kifuniko cha sufuria. Na ndiyo saa tunayoipenda: uani umeshafagiwa, kiberiti kinawashwa, moshi wa majani na mifuko ya nailoni unatambaa hadi dirishani kwa jirani.

Juu ya mzunguko wa siku upo wa mwaka. Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huingia kutokea kusini na kusini-mashariki. Jambiani na Paje, vijiji vya pwani ya mashariki, huupata ukiwa mbichi. Ukipita mitaa ya Mwanakwerekwe na Amani unaokota moshi, na ukifika Mji Mkongwe, ulio ufukweni magharibi, umeshabeba wa Ng'ambo, mitaa iliyo mashariki ya Mji Mkongwe, ndipo unaingia baharini kuelekea bara. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inaweza kuja na vumbi na moshi wa mbali, kwa kuwa hutokea upande wa Bara Arabu na Bara Hindi.

Kati ya hizo mbili ni tanga mbili, upepo haujaamua. Kaa Forodhani jioni ya shwari, mishikaki iko juu ya makaa: moshi unapanda wima, unasita kimo cha miti, kisha unasambaa pale pale juu ya vichwa vya walaji. Jioni ya Julai moshi huo unalala ubavu mara tu unapotoka jikoni. Mvua za masika nazo husaidia, zinaosha chembe hewani.

Kuna jambo moja linalowachanganya wapimaji: chumvi. Mawimbi yakivunjika mwambani hurusha matone, yakikauka hubaki chembe za chumvi, nyingi zikiwa nene kuliko zile za moshi. Kifaa kikiwa Jambiani siku ya kusi kali kinaweza kuonyesha vumbi jingi bila mtu kuwasha hata kijiti. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kisiwani. Vinatakiwa viwili kwa uchache, kimoja ufukwe unaopokea upepo na kingine Ng'ambo, visomwe kwa wakati mmoja. Zile namba zinazozidi za Ng'ambo ndizo za mji wenyewe.