Parachichi halina "kimeng'enya cha kolesteroli"

Ukipita soko la Mbuyuni hapa Moshi hukosi wa kukuonya kwamba parachichi lina kolesteroli. Siku hizi onyo limepambwa na sayansi: eti mmea nao una kile kile kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) cha kolesteroli kinachozuiwa na statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, kwa hiyo tunda lake ni lile lile tu na mafuta ya ng'ombe. Kinachoudhi ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli.

Kimeng'enya chenyewe ni ridaktesi ya HMG-CoA, kwa kifupi HMGR. Kinageuza kemikali iitwayo HMG-CoA kuwa mevaloneti, malighafi ya isoprenoidi, ukoo mkubwa wa kemikali wenye steroli (kundi la kolesteroli na jamaa zake), baadhi ya homoni, hata mpira. Kazi yake inaishia hapo. Ni kama lango la mfereji huku Uchaggani: likifunguliwa maji yanateremka, lakini huko chini kila mtu anamwagilia zao lake. Ini la binadamu hutumia sehemu kubwa ya mevaloneti kutengeneza kolesteroli. Parachichi hutengeneza sitosteroli, steroli ya mimea, na ndugu zake. Kolesteroli kwenye mimea ipo, ila kidogo mno.

Tuje kwenye "kile kile". Sehemu inayofanya kazi inafanana kweli kwa mmea na mnyama, ndiyo maana statini humbana hata mmea. Tofauti iko kwenye mkia unaokishikiza kwenye utando ndani ya seli. Cha binadamu hupenya utando mara 8, cha mmea mara 2 tu. Na hizo 8 si pambo: baadhi yake ndizo zinazohisi steroli, na steroli zikizidi, kimeng'enya kinawekwa alama na kuvunjwavunjwa. Mmea hauna kihisio hicho. Wenyewe husikiliza mambo mengine, mwanga na majeraha kwa mfano. Binadamu ana jeni moja ya HMGR, mimea huwa na kadhaa. Kiazi mviringo kikikwaruzwa na jembe inaamka moja, kikishambuliwa na ukungu zinaamka nyingine, za kutengeneza kemikali za kujilinda.

Halafu mmea una njia ya pili kabisa ya isoprenoidi, ndani ya plastidi (vijumba ndani ya seli za mmea), isiyomgusa HMGR hata kidogo. Rangi ya karoti inatoka huko. Bakteria wengi, E. coli akiwemo, wanayo hiyo ya pili peke yake, sisi hatuna. Mpaka miaka ya 1990, kikosi cha Michel Rohmer wa Ufaransa kilipoionyesha, wengi waliamini njia ni moja kwa viumbe wote. Labda ndiko mkanganyiko huu ulikozaliwa.

Mkulima wa Hass, aina ya parachichi, aliyewahi kuachiwa vitunda vidogo na mnunuzi atapenda hili. Mwaka 1997 watafiti wa Afrika Kusini walieleza kwamba kwenye Hass zinazobaki ndogo, utendaji wa HMGR ulikuwa umeshuka kwa asilimia 70. Walipoyapa matunda ya kawaida mevastatini, mojawapo ya statini za mwanzo, yakadumaa. Walipoyapa pamoja na dawa hiyo mevaloneti, yakaendelea kukua. Tunda dogo lilikuwa na upungufu wa idadi ya seli. Kwa hiyo kimeng'enya mnachokiogopa ndicho kinachosaidia parachichi lifikie ukubwa wa kuuzika.

Basi ukitaka jina la mkato, sema kimeng'enya cha mevaloneti, hapo hujamkosea mmea wala mnyama. Na kama daktari amekwambia upunguze parachichi kwa sababu ya uzito, msikilize, maana mafuta lina mengi. Ila hiyo ni hesabu nyingine, HMGR hahusiki.