Pat alichekwa kwa lipi?

Vijana ninaowafundisha uigizaji hapa Mombasa nawaonyesha vipande vya Pat, mhusika wa vichekesho vya televisheni, kisha nawauliza: kamera inamtazama nani? Mimi ni mwanamke transjenda, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa mvulana, na vichekesho ndiyo kazi yangu. Swali hilo silichukulii kwa wepesi.

Pat aliigizwa na mchekeshaji Julia Sweeney katika Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani, kuanzia 1990, na 1994 akatolewa filamu. Hakuna ajuaye kama ni mwanamume au mwanamke. Watu wanamtegea maswali, na kila jibu linawarudisha walikoanza. Hata mpenzi wake anaitwa Chris, jina la kike na la kiume vilevile.

Anayetaabika hapo ni muulizaji. Pat mwenyewe hana habari. Hilo nalipenda mno, kwani muulizaji yule namjua. Ndiye askari wa mlangoni dukani, anayesita na kifaa cha kupekulia mkononi huku akimtupia jicho mwenzake wa kike. Ndiye shangazi anayetaka kujua siku ya harusi utakaa na wanaume kwenye nikahi au utaingia ukumbini na wanawake. Acha achekwe yeye.

Lakini Pat alipewa pia sauti ya kukera na mate ya kumtoka. Sweeney ameeleza kwamba alimtoa kwa mtu aliyefanya naye kazi alipokuwa mhasibu, na kwa kuwa hakuweza kumwigiza mwanamume akaaminika, akaiacha jinsia ifichike. Kwa hiyo kero zilitangulia, utata ukafuata. Vikafungwa pamoja, na mtazamaji akaondoka akiamini kwamba mtu asiyetambulika jinsia ni kinyaa. Sidhani alikusudia, ila jeraha lilibaki: katika tamthilia ya Work in Progress ya 2019, mchekeshaji Abby McEnany anamkabili Sweeney mwenyewe kwa jinsi Pat alivyomharibia maisha.

Huku kwetu mwanamume akijifunga leso aigize mama mkali, kila mtu anajua ni nani. Hakuna fumbo. Ninachokipinga ni kile kichekesho kinachoishia kwa mtu kuvuliwa wigi au kuvutwa nguo ili “ukweli” uonekane. Mtaani tunatendewa hivyo hivyo, tena kwa kipigo.

Ndiyo maana zoezi ninalowapa vijana wangu waigize lina sharti moja: kufichuana marufuku. Pat ana njaa, anataka viazi karai. Muuzaji anataka kwanza kujua amwite kaka au dada. Wengine wote kwenye foleni wanataka viazi vyao, na mafuta yako motoni.